Mama amebadilishiwa nyonga: aspirini inatosha, au amalize vidonge vya kuzuia damu kuganda?

SWALI

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68. Tarehe 3 Juni alibadilishiwa nyonga ya kulia hapa Dar es Salaam. Wodini alichomwa sindano za tumboni siku chache, akaruhusiwa na vidonge vya rivaroxaban miligramu 10, kimoja kwa siku, mpaka tarehe 8 Julai. Leo ametimiza wiki mbili, anatembea vizuri na fremu yake, na vidonge ni ghali. Mjomba, ambaye ni tabibu mstaafu, anasema aviache, ile aspirini ndogo anayokunywa miaka yote kwa ajili ya presha inatosha. Mama naye amesikia kwamba zile sindano zinatokana na nguruwe, na tangu hapo hata vidonge anavitilia shaka. Tena anataka kurudi Kondoa kwa basi Jumamosi hii, anasema amechoka kukaa kwangu. Usiku maumivu yakizidi anameza diklofenaki niliyomnunulia duka la dawa hapa mtaani. Sijui kama inahusu, lakini alipomzaa mdogo wetu wa mwisho alivimba mguu akalazwa, wakasema damu imeganda. Tufanyeje?

Msomaji, Tabata

JIBU

Marahaba, binti yangu. Uliyouliza nitayajibu yote, lakini kwanza hiyo diklofenaki. Isimame leo.

Mimi ni mfamasia, kazi yangu wodini ni kuangalia dawa zinavyokutana mwilini mwa mgonjwa mmoja. Kwa maelezo yako, mama sasa hivi ana tatu zinazofanya damu ichelewe kuganda, na kila moja inapita njia yake. Rivaroxaban inakizuia kimeng'enya kimoja katika mnyororo wa kugandisha damu. Aspirini inazizuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zisishikane, na chembe ikishaguswa na aspirini haiponi mpaka ife, kama siku 7 hadi 10. Diklofenaki inazigusa chembe hizohizo kwa muda mfupi zaidi, halafu inakwaruza utando wa tumbo na kuzibana figo. Hapo kwenye figo pana jambo, kwa sababu karibu theluthi moja ya rivaroxaban hutolewa mwilini na figo ikiwa bado na nguvu zake. Figo ikichoka, dawa inabaki kwenye damu zaidi ya ilivyokusudiwa. Kwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa donge la damu kwa rivaroxaban au kwa dawa za zamani, waliochanganya na dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni walipata hatari ya kuvuja damu nyingi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Dozi ya mama ni ndogo kuliko ya wagonjwa wale, lakini umri wake na hiyo aspirini vinamrudisha karibu nao.

Badala yake mpe Panadol ya kawaida, vidonge viwili vya miligramu 500 asubuhi, mchana na usiku, kwa saa, asisubiri mpaka aumie ndipo ameze. Hiyo ni kama hana ugonjwa wa ini na si mtu mwembamba sana. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 pembeni ya nyonga, inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ikishindikana, mpigie daktari aliyemfanyia upasuaji akuandikie dawa nyingine ya maumivu, zipo. Na muwe na tabia ya kusoma pakiti. Baadhi ya dawa za kichwa na mafua zinazouzwa bila cheti zina aspirini ndani, mtu anaimeza bila kujua.

Sasa lile ulilosema hujui kama linahusu. Linahusu kuliko mengine yote uliyoandika. Mtu aliyewahi kugandiwa na damu mguuni, hata kama ni miaka 30 iliyopita baada ya kujifungua, yuko kwenye kundi lingine la hatari kabisa. Kesho asubuhi piga simu kliniki ya mifupa, uliza kama hilo limo kwenye faili lake. Wazee wengi hawalitaji. Wakiulizwa magonjwa waliyowahi kuugua wanataja presha na sukari, la uzazi wanaliona ni mambo ya zamani. Usipeleke habari hii kwa njia ya mjomba wala ya jirani, mwambie daktari mwenyewe, kwa sababu inaweza kubadilisha hata muda wa dawa.

Kwa nini tunahangaika hivi na nyonga? Mwaka 1856 daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow alieleza kuhusu donge la damu kwenye mapafu, na mpaka leo tunafundisha mambo matatu yanayobeba jina lake: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo wa kuganda. Upasuaji wa nyonga unaleta yote matatu siku moja. Ili daktari aufikie mfupa, mguu hukunjwa na kuzungushwa mpaka nyonga itoke mahali pake, na mshipa mkubwa wa paja unakunjika pamoja nao. Mfupa ukichongwa, mwili unaona jeraha kubwa na kumwaga vitu vya kugandisha damu. Baada ya hapo mgonjwa analala. Ndiyo maana kwenye nyonga madonge mengi hatari hutokea pajani, wakati kwenye goti mengi huanzia kwenye shavu la mguu. La pajani liking'oka safari yake ni moja: linapanda mpaka moyoni, upande wa kulia, kisha linakwama kwenye mapafu.

Zamani, kabla ya dawa hizi kuwa kawaida, wagonjwa wa nyonga na magoti walipopigwa picha za mishipa baada ya upasuaji, kati ya 40 na 60 katika kila 100 walikutwa na madonge. Mengi yalikuwa madogo, yakayeyuka yenyewe bila mtu kujua. Yanayoleta dalili ni machache, makadirio ni kama wagonjwa 4 katika 100 ndani ya siku 35 bila dawa, na chini ya 2 wakipewa dawa. Mjomba anaweza kusema 4 ni wachache. Kwa mtu aliyewahi kugandiwa hiyo hesabu si yake.

Na hapa ndipo naomba familia nzima isikie. Watu wanaamini hatari iko hospitali, ukisharuhusiwa umevuka. Kwa nyonga mambo yako kinyume. Mwaka 1998 watafiti wa California, Marekani, walichapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya 19,000 waliobadilishiwa nyonga. Kati ya waliopata donge lenye dalili, nusu waligunduliwa baada ya siku ya 17, na robo tatu waligunduliwa wakiwa wameshatoka hospitali. Kwa goti nusu waligunduliwa ndani ya siku 7, ndiyo sababu mwenye goti huandikiwa kama siku 14 na mwenye nyonga 35. Hebu hesabu: mama alipasuliwa tarehe 3, siku yake ya 17 ni tarehe 20, Jumamosi hiyohiyo anayotaka kupanda basi. Kutembea vizuri na fremu ni jambo la kumshukuru Mungu, na kunasaidia damu kuzunguka, lakini hakuthibitishi kwamba damu imeacha kutaka kuganda.

Mjomba hajasema upuuzi, nisimvunjie heshima. Aspirini inatumika kweli kuzuia madonge baada ya nyonga, na majaribio makubwa yapo. Mwaka 2018 Canada walichapisha utafiti wa wagonjwa 3,424 wa nyonga na magoti. Wote walianza na rivaroxaban siku 5, halafu nusu wakaendelea nayo na nusu wakahamia aspirini ya miligramu 81. Waliopata donge lenye dalili hawakufika hata 1 katika 100 kila upande, wakalingana. Kisha mwaka 2022 Australia wakatoa utafiti mkubwa zaidi, aspirini peke yake tangu mwanzo dhidi ya sindano za enoxaparin, na aspirini ikashindwa: 3.45 kwa 100 upande wa aspirini, 1.82 upande wa sindano, ingawa tofauti kubwa ilikuwa kwenye madonge ya chini ya goti. Ukizisoma pamoja unaona aspirini ni nzuri kumalizia kazi iliyoanzwa na dawa yenye nguvu, kwa mgonjwa wa hatari ya kawaida. Mama si wa hatari ya kawaida, kwa sababu ya ule mguu wa uzazi. Kwenye utafiti wa Canada watu wenye historia kama yake walikuwa wachache mno, matokeo yale hayawezi kumbeba. Ningekuwa mimi naulizwa wodini, ningesema amalize rivaroxaban. Mwenye neno la mwisho ni daktari wake, na mjomba anaweza kabisa kwenda naye kliniki wakaongea kitaalamu.

Swali ambalo mjomba angetusaidia kulijibu ni hili: hiyo aspirini ya miaka yote nani aliianzisha, na kwa nini? Kama mama aliwahi kupata kiharusi, au moyo wake una tatizo la mishipa, au aliwekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo, basi aspirini ina kazi yake na haisimami hivihivi. Daktari wa moyo na wa mifupa lazima wakubaliane jinsi ya kuziendesha dawa mbili pamoja wiki hizi tatu, pengine na dawa ya kulinda tumbo. Lakini kama alipewa "kwa sababu ya presha" tu, na hakuna kingine, huo ni utaratibu wa zamani. Siku hizi hatuwaanzishii aspirini watu wa umri wake kwa presha peke yake, kwa kuwa kuvuja damu tumboni kunakula faida. Uliza, na ukipewa ruhusa ya kuisimamisha mpaka vidonge viishe, vizuri zaidi. Usiisimamishe kwa maneno yangu haya, sijaona faili lake.

La nguruwe. Mama amesikia kweli. Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, na enoxaparin inayotengenezwa kutokana nayo, hutolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe. Hili alitakiwa aambiwe kabla ya kuchomwa, mgonjwa wa Kiislamu ana haki ya kujua, na mimi nadhani hospitali zetu tunalifumbia macho jambo hili kwa haraka mno. Sindano nyingine, fondaparinux, hutengenezwa maabara bila mnyama yeyote, ila haipatikani kila mahali. Kwa hukumu ya yaliyopita amuulize sheikh wake. Masheikh wengi huruhusu dawa ya namna hiyo pale penye dharura na pasipo na mbadala, lakini hilo ni la kwao kusema. Cha kumwambia leo ni kwamba rivaroxaban haitokani na nguruwe wala mnyama mwingine. Ni kemikali iliyoundwa kiwandani, haina uhusiano wowote na zile sindano zaidi ya kwamba zote zinazuia damu kuganda.

Bei najua inauma. Uliza kwa daktari au famasi toleo la kampuni nyingine lenye dawa ileile ndani, mara nyingi ni nafuu kuliko la jina kubwa, ilimradi limesajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa. Nunua vidonge vilivyobaki tu. Kama cha leo ameshameza, kuanzia kesho mpaka tarehe 8 Julai ni 21. Angalia namba kwenye pakiti. Rivaroxaban ipo ya 2.5, ya 10, ya 15 na ya 20, na muuzaji aliyeishiwa ya 10 anaweza kukupa ya 20 akisema ni ileile. Ile ni dozi ya kutibu donge lililokwisha tokea. Cha 10 anaweza kumeza akiwa ameshiba au na njaa, saa ileile kila siku. Akisahau, ameze akikumbuka siku hiyohiyo, kesho aendelee na kimoja kama kawaida, asilipize viwili. Kama anatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au dawa za kifafa kama karbamazepini au fenitoini, nijulishe au mjulishe daktari haraka, zinaipunguza nguvu rivaroxaban kiasi kwamba anaweza kuwa anameza bure. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye chakula havina neno. Zile chupa za mitishamba za "kusafisha damu" aziache mpaka Julai.

Kuhusu kuangalia mguu, vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani, utasubiri usiouona. Chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta kile kifundo cha mfupa chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, weka alama ya kalamu miguu yote miwili, pima mzunguko asubuhi kabla hajaamka kitandani, andika. Mguu uliopasuliwa utakuwa umevimba kiasi, hiyo ni kawaida, na uvimbe wa kawaida hupungua akilala ameuinua. Unaonitisha ni ule usiopungua usiku kucha, au unaoongezeka kuliko jana, au shavu la mguu likimzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, au likiwa gumu, la moto na linauma likibonyezwa. Hapo anatakiwa altrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inavyopita kwenye mishipa, siku hiyohiyo. Na asichuliwe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu najua mama zetu: mguu ukivimba anaitwa mama mmoja mwenye mafuta ya nazi na mikono mizito. Mguu wenye donge haukandwi wala hauchuliwi.

Akibanwa pumzi ghafla, kifua kikichoma akivuta hewa, moyo ukienda mbio, akikohoa damu au akizimia, usisubiri Dopla wala kliniki ya Jumatatu. Tafuta gari, nenda moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu. Kwa mtu wa Tabata, Amana iko jirani, na Muhimbili pia si mbali. Ukifika tu mlangoni taja upasuaji wa nyonga na jina la dawa. Upande wa kuvuja, angalia kidonda kinachoendelea kulowesha bandeji, damu kwenye mkojo, fizi, na kinyesi cheusi chenye kunata kama lami. Kama anakunywa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, kinyesi kitakuwa cheusi au kijani kilichokolea tu, bila kunata wala harufu ile kali, usishtuke kwa hicho. Akianguka na kugonga kichwa, hata kama anacheka na kusema hajambo, apelekwe akaangaliwe.

Basi la Kondoa Jumamosi, hapana. Kukaa siku nzima magoti yamekunjwa, kwenye kiti kifupi, nyonga mpya ikiwa na siku 17, ni mambo mawili mabaya kwa pamoja: damu inasimama miguuni, na nyonga yenyewe inaweza kuteguka akiinama kupita kiasi. Asubiri ahudhurie kliniki ya wiki ya 6, katikati ya Julai. Daktari akimruhusu, treni ya SGR mpaka Dodoma ni bora kuliko basi kwa sababu anaweza kusimama na kutembea kwenye korido kila baada ya nusu saa, kisha Dodoma hadi Kondoa mkodi gari dogo lenye kiti cha juu, asimame njiani mara mbili tatu. Anywe maji ya kutosha, asijinyime kwa kuogopa choo cha njiani. Kwa sasa, akiwa amekaa, achezeshe vifundo vya miguu, vidole juu, vidole chini, mara 10 kila saa. Wajukuu wapewe kazi ya kumhesabia.

Ukipiga simu kliniki kesho, anza na ule mguu wa uzazi, kisha aspirini, kisha uwaambie kuhusu diklofenaki na amemeza vidonge vingapi. Waulize pia kipimo chake cha mwisho cha figo, kreatinini, kilikuwa ngapi. Kama hakuna cha karibuni, aombewe kipya wiki hii, ni damu kidogo tu ya mkononi.